Geti la kuteleza au la bawaba? Ulinganisho kwa anayetaka geti la umeme nyumbani

Watu wengi huanzia mwisho. Huuliza mota ya chapa gani, rimoti ngapi, na kama litafunguka kwa simu, huku geti lenyewe wakimwachia fundi wa kuchomelea afanye anavyojua. Ningekuomba uanze na mkono wako. Kama geti tayari lipo, litoe komeo, ulisukume kwa mkono mmoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Likienda bila kukwama na bila kukulazimisha kuliegemea, linafaa kuwekewa mota. Likigoma katikati, lina ugonjwa, na mota haiutibu. Itauficha kwa miezi kadhaa, kisha itakufa nao.

Hili nalijua kwa kulipia. Geti letu la kwanza la umeme lilifungwa mota iliyoandikwa kwamba inamudu kilo 600, na geti halikufikia uzito huo. Lakini reli ilikuwa imetitia karibu na nguzo, kiasi cha unene wa kidole, na kila siku mota ilikuwa ikilipandisha geti kilima ambacho hakuna aliyekiona. Gia ya plastiki ndani ikasagika meno. Tukanunua mota nyingine, nayo ikasagika. Mara ya tatu alikuja fundi aliyeweka pima maji juu ya reli kabla hajafungua hata kisanduku cha mota, akatuonyesha povu lilivyokimbilia upande mmoja. Tulivunja zege, tukamwaga upya. Mota ya tatu inafanya kazi mpaka leo, na ni ndogo kuliko zile mbili.

Kwa hiyo ulinganisho huu unakwenda kwa mpangilio huo: ardhi kwanza, geti, kisha mota, kisha usalama, na funguo na rimoti mwishoni.

Ua na ukuta ndivyo vinavyoamua

Geti la bawaba hufunguka kama mlango wa chumba, na linakula ua. Lenye mlango mmoja wa mita 4 linataka mita 4 za ua zisizokaa kitu wakati wote; lenye milango miwili ya mita 2 kila mmoja linataka mita 2. Chukua tepu upime. Ikiwa kutoka getini hadi ukuta wa nyumba kuna mita 6, geti la milango miwili linakuachia mita 4, na gari dogo la kawaida lina urefu unaokaribia mita 4 na nusu. Utaingiza gari, geti lisifungike nyuma yako. Wapo wanaotatua hili kwa kulifungulia geti nje, upande wa barabara. Usifanye hivyo. Mpita njia hana namna ya kujua kwamba chuma kinakuja kumgonga, na katika miji mingi sheria haziruhusu.

Geti la kuteleza hukimbilia ubavuni mwa ukuta, na ua wote unabaki wako. Linachotaka ni ukuta mrefu. Kwa uwazi wa mita 4 tenga karibu mita 5 za pembeni, kwa sababu geti lazima liuzidi uwazi kidogo pande zote mbili, na mota nayo ina sehemu yake. Ukuta huo uwe umenyooka na usiwe na kitu: mti, bomba, kisanduku cha mita au kona vinaharibu hesabu yote.

Kisha tazama mteremko, maana hapa ndipo watu hukosea hata baada ya kupima. Kuna miteremko ya aina mbili na kila mmoja unalikataa geti tofauti. Ua ukipanda kuelekea ndani, geti la bawaba litagonga ardhi. Chukua ua unaopanda sentimita 10 kwa kila mita moja: mlango wa mita 2 ukifunguka wote, ncha yake imefika mahali ambapo ardhi imepanda sentimita 20. Ili upite, inabidi uache pengo la sentimita 20 chini ya geti, na pengo hilo mbwa hupita, na mtoto mdogo hujaribu. Zipo bawaba maalumu zinazoinua mlango unapofunguka, lakini zinaifanya mota ibebe uzito ambao haikupaswa kuubeba. Geti la kuteleza halijali mteremko wa namna hii hata kidogo, kwa kuwa haliingii ndani.

Mteremko wa pili ni ule unaofuata ukuta, kutoka nguzo hadi nguzo. Huu ni hatari kwa geti la kuteleza. Siku umeme umekatika na mtu ameachilia mota kwa ufunguo wa dharura ili geti lisukumwe kwa mkono, kilo 300 za chuma zinaweza kuondoka zenyewe. Hapo chagua bawaba, au ukubali gharama ya kusawazisha msingi wa reli.

Upepo na mchanga

Watu hupenda geti lililozibwa kwa bati zima ili wasionekane ndani. Ni haki yao, lakini upepo una bei yake. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, yaani kilomita 72 kwa saa, hulisukuma bati lililosimama wima kwa nguvu inayokaribia kilo 25 kwa kila mita ya mraba. Mlango wa mita 2 kwa mita 2 una mita 4 za mraba, kwa hiyo ni kama umeegemewa na kilo 100. Mkono wa mota ya bawaba umeshika karibu na bawaba, ilhali upepo unasukuma mlango wote. Mwenye wenzo mrefu ni upepo. Ndiyo maana mageti ya bawaba yaliyozibwa huchakaza mota, hulegeza vishikizo kwenye nguzo, na usiku wa tufani hugomea katikati. Ukishaamua bawaba mahali penye upepo, acha nafasi kati ya nondo au mbao ili hewa ipite.

Geti la kuteleza huupokea upepo kwa ubavu. Roli za juu zinalishika lisipinduke, na mota haipigani na upepo moja kwa moja. Adui yake yuko chini: mchanga, kokoto, majani makavu, tope baada ya mvua. Kijiwe kimoja kwenye reli kinatosha kulirudisha geti nyuma, kwa kuwa bodi ya mota, yaani saketi inayoiongoza, inadhani geti limegonga mtu. Mwenye geti hili lazima akubali kufagia reli, kila wiki ikibidi. Asiyetaka kufagia ana njia ya tatu: geti linaloning'inia, lisilo na reli ardhini, linalobebwa na roli zilizofungwa nyuma ya nguzo. Ni zuri sana kwenye njia ya udongo au changarawe. Sharti lake ni mkia mrefu wa kulisawazisha. Kwa uwazi wa mita 4 geti zima hufikia karibu mita 6, na ukuta wa kulipokea uwe na urefu huo.

Mimi, ukuta ukiruhusu, huchagua la kuteleza. Lina mota moja badala ya mbili, halisumbuliwi na upepo, na mwizi hawezi kulisukuma kwa bega kama anavyosukuma milango miwili inayokutana katikati. Bawaba zinashinda pale ukuta ulipo mfupi, au mteremko unapofuata ukuta, au pale geti lina nakshi za zamani ambazo mwenye nyumba hataki kuzigusa. Hizo ni sababu za kweli. "Geti la bawaba linapendeza zaidi" si sababu ya kutosha.

Mota: kilo zilizoandikwa kwenye boksi

Kilo zile zinadhani geti liko kwenye reli iliyonyooka, na magurudumu yana beringi nzima. Kipimo cha kweli ni nguvu ya kulianzisha. Funga mizani ya kuning'iniza, ile ya kupimia mizigo ya safari, kwenye ukingo wa geti la kuteleza, uvute polepole na usome namba wakati geti linapoanza kusogea. Fanya hivyo sehemu tatu au nne za reli. Namba zikipishana sana, rudi kwenye reli kabla ya kwenda dukani.

Mota ya kuteleza huendesha fimbo ya meno iliyofungwa kwenye geti. Kati ya gia na fimbo hiyo paachwe milimita 1 hadi 2. Fundi mwenye haraka huibana hadi inagusa, geti likishuka kidogo kwa kuchakaa magurudumu, uzito wote unalalia mhimili wa mota. Ukisikia mlio wa kusaga kila geti linapopita sehemu fulani, angalia hapo kwanza.

Kwa bawaba kuna chaguo zaidi. Mkono ulionyooka ndio wa kawaida na ndio rahisi kutengenezeka. Mkono wenye kiwiko unafaa pale nguzo ni nene na bawaba ziko mbali na uso wa ndani. Mota ya kuzikwa ardhini haionekani kabisa, na wengi huipenda kwa hilo, lakini shimo lake lisipokuwa na bomba la kutoa maji litageuka kisima. Kama huna pa kumwaga maji hayo, iache.

Swali kubwa zaidi ni umeme. Mota zinazotumia moja kwa moja umeme wa ukutani zina nguvu na hazina betri ya kubadilisha. Umeme ukikatika, zimelala. Pia zikitumika mfululizo hupata joto na kujizima hadi zipoe. Mota za volti 24 huchaji betri wakati wote na kuendelea kufanya kazi gizani. Betri mbili za volti 12 na saa-ampea 7, zikiwa nzima, hufungua na kufunga makumi ya mara. Pia hupunguza mwendo zinapokaribia mwisho, geti lisigonge nguzo, na huhisi kizuizi kwa wepesi zaidi. Kwa nyumba ya kawaida naona volti 24 ndiyo jibu, ilimradi ukumbuke kwamba betri huchoka, na joto kali huzichosha mapema. Betri iliyochoka haikwambii. Utaigundua siku ya giza. Kwa hiyo mara moja kila baada ya miezi michache zima umeme makusudi na uone geti linafunguka mara ngapi.

Wanaotaka sola wanapaswa kuuliza kitu ambacho wauzaji hawakitaji: bodi inakula kiasi gani ikiwa imekaa tu, inasubiri? Bodi ya volti 24 inayotumia milliampea 50 inakula karibu saa-wati 29 kwa siku bila geti kusogea. Kufungua na kufunga mara moja, tuseme sekunde 40 kwa ampea 5, ni saa-wati 1.3 hivi. Safari 10 kwa siku ni 13. Kusubiri kunakula mara mbili ya kazi. Ukiongeza jicho la usalama (kihisi cha mwanga kinachozuia geti kumfungia mtu), kipokezi cha simu na intakomu yenye kioo, paneli ndogo haitoshi tena. Ukitaka sola, chagua bodi yenye usingizi mzito, yaani inayokula kidogo sana inaposubiri, na vifaa vichache.

Pale geti linapoweza kuua

Sitapita hapa haraka. Mwaka 2010, Uingereza, watoto wawili walikufa ndani ya wiki moja, katika matukio mawili tofauti, kila mmoja akiwa amebanwa na geti la umeme. Geti halikuwa limeharibika kwa macho ya mtu wa kawaida. Lilikuwa likifunga kama kila siku.

Kila aina ya geti hubana mahali pake. Geti la bawaba hubana vidole kwenye pengo la bawaba na huweza kumbana mtu kati ya mlango uliofunguka na ukuta wa nyuma yake. Geti la kuteleza hubana kwenye nguzo linapofunga, na lile la nondo lina hatari nyingine: mkono wa mtoto aliyeshika nondo hukokotwa hadi kwenye nguzo na kukatwa kama kwa mkasi. Dawa yake ni wavu wenye matundu madogo juu ya nondo, sehemu yote inayopita nyuma ya nguzo. Na geti la kuteleza liwe na vizuizi vya chuma mwisho wa reli, pande zote, pamoja na roli za juu zisizoweza kuchomoka. Geti likiruka reli huanguka zima zima juu ya aliye karibu. Mota haizuii hilo; ni kazi ya fundi wa chuma.

Viwango vya Ulaya, EN 12453, vinataka geti linapomgusa mtu kwenye pengo la kubana lisizidi nyutoni 400, sawa na kuegemewa na kilo 40 hivi, na ndani ya robo tatu ya sekunde nguvu hiyo ishuke chini ya nyutoni 150. Marekani, kiwango cha UL 325 kinataka tangu 2016 kila sehemu inayoweza kumbana mtu ilindwe kwa njia mbili zisizotegemeana. Hata kama unaishi mahali pasipo na mkaguzi, fuata wazo hilo la njia mbili. Ya kwanza ni mota kuhisi kizuizi na kurudi nyuma. Ya pili ni jicho la usalama, jozi ya vifaa vinavyorushiana mwanga usioonekana, au mpira wa usalama kwenye ukingo wa geti.

Jicho na mpira havifanani. Jicho huona kabla ya kugusa, lakini huona kwenye mstari mmoja tu. Likifungwa juu sana, mtoto anayetambaa hupita chini yake. Mpira hugusa kwanza ndipo usimame, lakini unalinda urefu wote wa ukingo. Pesa zikiruhusu kimoja zaidi ya mota, jicho lililofungwa nusu mita kutoka ardhini hutangulia. Penye watoto ndani ya nyumba, weka vyote viwili.

Na tafadhali, weka mlango mdogo wa watu mbali na geti. Anayetembea kwa miguu asizoeshwe kukimbilia geti la gari linapofunga.

Namna ya kufungua

Rimoti zimegawanyika mara mbili na tofauti hiyo haionekani kwa nje. Za zamani zina vijiswichi vidogo ndani, na hurusha namba ile ile kila unapobonyeza. Zenye vijiswichi 12 zina namba 4,096 tu kwa jumla. Mwaka 2015 mtafiti Samy Kamkar alionyesha kwamba kifaa alichokitengeneza kutokana na kidude cha kuchezea watoto kinaweza kuzimaliza namba za namna hiyo kwa chini ya sekunde 10. Rimoti za namba inayobadilika hurusha namba mpya kila mara, na iliyokwisha kutumika haikubaliki tena. Hazina ukamilifu, lakini tofauti ni kubwa. Fungua ya kwako: ukikuta vijiswichi, badilisha rimoti na kipokezi chake. Ni kazi ndogo, na mota huigusi.

Vibao vya namba ni vizuri kwa watoto wanaorudi shule na kwa mgeni wa siku moja, mradi kila mtu ana namba yake na ya mgeni hufutwa. Namba moja ya nyumba nzima hujulikana mtaani ndani ya mwaka. Tazama pia uchakavu: vitufe vinne vikifutika rangi, namba ya tarakimu nne zisizojirudia ina mipangilio 24 tu iliyobaki. Kadi za kugusisha za kilohezi 125 hunakiliwa kwa kifaa kidogo cha mkononi. Ukitaka kadi, tafuta zenye usimbaji, za megahezi 13.56 za kizazi kipya.

Intakomu ya waya inaonekana ya kizamani, nami naipendelea. Waya uliolazwa kwenye paipu haupotezi mawimbi na haudai bando. Intakomu ya waifai huja na picha kwenye simu yako popote ulipo, lakini umeme ukikatika ruta huzimika, na unabaki na geti lenye betri nzima na kengele iliyokufa. Vifungulio vya laini ya simu, vile unavyovipigia na geti likafunguka bila simu kupokewa, vina raha yake: hakuna rimoti ya kupotea. Kabla ya kununua hakikisha kinatumia 4G, kwa kuwa nchi kadhaa zimeshazima mitandao ya 2G au 3G. Kumbuka vilevile kwamba namba ya mpigaji inaweza kughushiwa. Orodha ya namba zinazoruhusiwa usiigawe ovyo.

Chochote utakachochagua, laza mapaipu kabla ya zege kukauka: moja la umeme wa ukutani, jingine la nyaya ndogo za jicho, kengele na kibao. Ongeza na la tatu, tupu. Kisha ziba midomo ya mapaipu hayo kwa silikoni. Sisimizi hupenda joto la bodi na hujaza viota kwenye swichi zake ndogo, na mjusi mmoja akilala juu ya nyaya mbili huweza kuunguza bodi nzima. Kinga ya radi ifungwe kwenye waya wa umeme na kwenye waya wa intakomu pia, kwa kuwa radi haichagui mlango.

Siku ya kukabidhiwa kazi usimlipe fundi salio kabla ya jambo moja. Zima swichi kuu, chomoa betri, kisha mpe ufunguo wa dharura mtu mwenye nguvu ndogo kuliko wote wazima wa nyumba hiyo, bibi kama yupo. Mwache aachilie mota mwenyewe na afungue geti. Arudie usiku, akiwa upande wa nje. Akishindwa, fundi bado ana kazi.